Eda ya Bibi Kwenye Nyumba ya Boksi

Juzi niliingia kwenye kibanda cha wakala wa pesa Mtaa wa Msimbazi, vile vya bati jeupe vinavyokuja vimeshakamilika na kushushwa kwenye lori, nikashindwa kumaliza shida yangu. Jua lilikuwa limekipiga tangu asubuhi. Binti wa mle akavuta mlango ili feni isipoteze upepo, na ile harufu ikanijia: sponji iliyopashwa moto katikati ya bati mbili, rangi inayotaka kuyeyuka, na kwa mbali sabuni ya mche kutoka kwenye ndoo ya deki pembeni. Nikamwambia, "Mdogo wangu, fungua mlango." Akasema, "Dada, feni yenyewe haina nguvu..." "Fungua mlango, mama, nitazimia hapa!" Nikatoka mbio, nikaegemea nguzo ya umeme, watu wananiangalia kama nimeibiwa simu.

Sikuzimia. Mimi si mtu wa kuzimia hovyo. Lakini nilisimama pale muda mrefu, kwa sababu ile ndiyo harufu ya nyumba yetu ya muda, na kwenye nyumba ile nilikaa ndani mpaka nikasahau kivuli changu kinafananaje. Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza.

Wenzangu mliokulia mjini mnazijua nyumba za sita kwa moja: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, uani nyuma na baraza mbele. Sisi tulikuwa nayo moja Kariakoo, babu yangu aliachiwa na baba yake, na baba yake sijui aliachiwa na nani. Mimi naikumbuka kwa vipande tu. Ubaridi wa sakafu ya korido kwenye shavu, maana mchana nilikuwa nalala pale kifudifudi na kila anayepita ananiruka. Moshi wa vitumbua vya Bibi uani alfajiri. Na Babu pale barazani na mizani zake, kwa sababu alikuwa fundi wa mizani za wafanyabiashara wa sokoni. Alikuwa anazifungua, anazisafisha, halafu anajaribu kwa kuniweka mimi juu yake. "Mke wangu mdogo leo umepungua," ananiambia. "Bibi yako anakunyima chakula kwa wivu."

Ndiyo, mke wangu mdogo. Utani wa babu na mjukuu mnaujua. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzie, tukigombania tonge la Babu, na wageni wakija Babu ananitambulisha hivyohivyo kwa sauti nzito, mimi najishika kiuno na khanga yangu kipande. Watu wazima walikuwa wanacheka. Mimi sikuwa nacheka, mimi nilikuwa naitikia salamu kama mke wa mtu.

Basi wakaja watu na maneno matamu. Mtaa wetu utapanda ghorofa, na sisi wenyeji tutarudi humohumo, ila juu badala ya chini. Kwa sasa tutakaa kwenye nyumba za muda. Nyumba zenyewe zikaletwa na lori, zikashushwa na winchi kwenye yadi moja Gerezani iliyozungushiwa uzio wa bati, zikapangwa mistari na kuunganishwa kwa nati. Yule msimamizi wa kampuni, tulikuwa tunamwita Injinia ingawa sina hakika kama alikuwa injinia kweli, alitutembeza kama anatuonyesha pepo. Akagonga ukuta kwa ngumi.

"Hii ndiyo nyumba ya kisasa, mama. Haibomolewi. Unaondoka nayo, unaenda nayo popote."

"Popote wapi, baba?" Bibi akamuuliza. "Mimi siendi popote."

Injinia akacheka. Bibi hakucheka.

Sisi watoto tukayaita maboksi, na jina likakaa. Boksi letu lilikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kitanda cha Babu na Bibi huku, sisi wengine kule. Dirisha lilifunguka nusu, likifika katikati linakwama kwa makusudi, ndivyo lilivyotengenezwa. Babu alitaka kutundika saa yake ya ukutani. Akapiga msumari mmoja tu, ukatokea kwa jirani juu ya kitanda. Jirani akapiga kelele, "Mzee Kondo, unatuchoma!" Ukuta gani huo, Babu akasema, ambao huwezi hata kuutundikia saa. Akaiweka saa chini ya kitanda na haikutolewa tena.

Joto ndilo lililokuwa balaa. Asubuhi bati linaanza kulia tik, tik, likitanuka, na kufikia adhuhuri humo ndani unahisi umefunikwa na sufuria. Watu wote walikuwa wanahamia nje, kwenye kile kichochoro kati ya mistari. Babu hakuwa na baraza la kuhamia. Akawa analala mchana, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na mizani zikakaa kwenye gunia. Mchana mmoja alilala, alasiri ikaingia hakuamka. Bibi alimwita kwa ajili ya swala, akamwita tena, kisha nikamsikia anamwita kwa jina lake, si Baba Fulani, jina lake lenyewe. Hapo hata mimi nikajua kuna jambo.

Sasa sikilizeni hili, maana watu nikiwaambia wanadhani nimeota. Jeneza halikuweza kutoka mlangoni. Likiwa tupu waliliingiza limesimama wima, lakini na Babu ndani, mlango mwembamba, kichochoro chembamba zaidi, haligeuki. Wakajaribu kwa mbele, wakajaribu kwa nyuma, wanaume wanatokwa jasho wanaangaliana. Mwishowe mmoja akaenda kuchukua spana. Wakafungua nati za ukuta wa nyuma, wakautoa ukuta mzima wakauegemeza pembeni, wakampitisha Babu pale penye uwazi, "Lailaha illallah", wakaenda naye. Waliobaki wakaurudisha ukuta na kukaza nati. Nilisimama nikauangalia ule ukuta. Babu alikuwa ametoka ukutani na nyumba ikafunga mdomo wake.

Bibi akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki, havai rangi, hajipaki manukato, haogi na sabuni ya kunukia, ndiyo maana sabuni ya mche ilikuwa kila mahali. Haonani na wanaume wasio maharimu zake. Na mjane wa eda haachwi peke yake. Mama yangu alikuwa na meza yake ya viatu sokoni, shangazi Hadija ana watoto wachanga, wengine wanasoma. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani wanachambua mchele, wakaangaliana, halafu shangazi akanishika kidevu.

"Si mke mdogo huyu hapa? Naye akae eda na mwenzie!"

Wakacheka wote, hata wale waliokuwa na macho mekundu ya kulia. Mmoja akanifunika khanga nyeupe kichwani, akasema, "Pole, mjane." Mimi nikasema, "Ahsante," wakazidi kucheka.

Na mimi nikakaa eda.

Hakuna aliyejua. Walidhani nimewekwa mle kumfungulia Bibi mlango, kumpa maji, kumsogezea mswaki. Mimi nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nimefiwa na mume. Niliwasikia wakimfundisha binti mmoja masharti ya eda, nikayashika yote. Sikujitazama kwenye kioo. Nikavua hereni zangu za plastiki, nikazificha ndani ya kiatu. Mwenzangu Mwajuma wa boksi la nne alikuwa anakuja dirishani, anaingiza mdomo pale linapokwama, "Njoo tucheze kombolela!" Namwambia siwezi. "Unaumwa?" Siumwi. "Sasa?" Nikamgeuzia mgongo, kwa sababu niliona aibu kumwambia mtoto asiyeolewa mambo ya ndoa. Kwa siku za mwanzo aliendelea kuja. Baadaye akaacha, na nikawa nasikia tu wanavyohesabu na kukimbia nje, miguu yao inapita pembeni kabisa ya kichwa changu, ukuta wenyewe mnene kama kidole.

Nilikuwa natoka wakati mmoja tu, pale Bibi anapokwenda chooni, maana vyoo vilikuwa mwisho wa mstari na huko nje kumejaa wanaume. Bibi anajifunika shuka zima, mimi natangulia mbele napiga kelele, "Njiaaa! Bibi anapita!" Na wanaume wa yadi yote, wabeba mizigo, mafundi cherehani, walinzi, wote wanageuka na kuelekea ukutani. Hata wale vijana wa Kihindu wa ghorofa la ng'ambo ya uzio, wakiwa barazani juu, walikuwa wanageuza nyuso. Nilikuwa napenda sana hapo. Lakini mimi mwenyewe natembea nimeinamisha kichwa, nimejifunika khanga mpaka puani, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kutoka ghorofa hilohilo Mama Nilesh, ambaye miaka yote alikuwa akinunua vitumbua kwa Bibi, alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba kupitia juu ya uzio. Anaita, "Bi Tatu! Mtoto!" Ndani yake mna bajia, mna chupa ya chai, siku nyingine mna barafu imefungwa kwenye taulo. Ile barafu tulikuwa tunaigawana mimi na Bibi bila maneno, tunaiweka shingoni.

Bibi hakuwa msemaji siku zile. Anavuta tasbihi, analala, anaamka. Lakini jioni moja nilimuuliza tukimaliza eda tutakwenda wapi. Akasema, "Nyumbani. Watakuwa wamemaliza kujenga. Babu yako alisema tukirudi atatafuta pa kutundika saa." Akaongeza, "Nikitoka humu, nataka mguu wangu ukanyage Kariakoo. Sina lingine ninalolitaka." Alilisema polepole kabisa. Nikalishika, maana nilijua na mimi ndivyo ninavyotakiwa kutaka.

Kisha Injinia akarudi. Yadi inatakiwa, alisema, maboksi yote yanahamishiwa nje ya mji, kule Chanika mbele, kuna hewa nzuri, kuna eneo kubwa. Na zile nyumba za ghorofani? Mambo yanashughulikiwa. Watu wakapiga kelele siku mbili tatu, wakaandamana mpaka getini, halafu wakaanza kufunga vyombo. Ndivyo tulivyo, tunapiga kelele huku tunatafuta kamba. Shangazi akaja kumwambia Bibi. Bibi hakuinua hata macho.

"Mimi niko eda. Sihami."

"Mama, ni amri."

"Hata hii ni amri."

Wakamleta Maalim wa msikiti wa jirani, mtu mpole mwenye kikohozi. Akakaa nje ya pazia kwenye kigoda.

"Bi Tatu, poleni na msiba. Sheria ina huruma. Ikiwa kuna dharura, mjane anaruhusiwa kuhama akamalizie eda pengine."

"Nimesikia, Maalim. Inaniruhusu. Je, inanilazimisha?"

Maalim akakohoa. "Hapana, haikulazimishi."

"Mjane anakaa wapi, Maalim?"

"Anakaa nyumba aliyofia mumewe, inshallah, akiweza."

"Mume wangu amefia humu. Na mimi naweza. Karibu chai."

Maalim akanywa chai, akaenda kwa Injinia kumwambia kwamba yeye hana la kuongeza. Injinia akatuma vijana waje wafungue nati. Vijana wenyewe ni wa Buguruni na Temeke, mama zao wanakaa eda kama wengine. Walifika mlangoni, wakamsikia Bibi anakohoa ndani, wakaweka spana chini. "Bosi, humo siingii. Kuna mjane." Injinia akaja mwenyewe, mashangazi na majirani wakajipanga mlangoni wamefunga vibwebwe, mmoja akamuuliza kwa upole kabisa kama mama yake bado yu hai. Akarudi zake.

Jamani, mnaweza kudhani hapo tulishinda. Na mimi nilidhani. Lakini walichofanya ni kuhamisha maboksi mengine yote. Kila siku winchi inanguruma, mstari unafupika. Wakaondoa la Mwajuma, nikasikia sauti yake akiniita na sikuitikia. Wakaondoa la kushoto kwetu, wakaondoa la kulia. Tulikuwa hatujui kumbe yale maboksi ya majirani ndiyo yaliyokuwa yanatukinga jua. Tukabaki boksi moja katikati ya yadi tupu, jua linatupiga pande zote, na bomba wamefunga, vyoo wameondoa, haja ikawa ni nyuma ya boksi giza likiingia. Mama na shangazi wakawa wanaleta madumu ya maji kutoka mbali, jioni, kwa zamu, na mama anamlilia Bibi, "Mama, tuondoke, tunakufa hapa." Bibi anasema, "Wewe nenda. Mchukue na mtoto." Mama ananivuta mkono, mimi nang'ang'ania mguu wa kitanda. Nilipiga kelele mpaka akaniachia. Wote walidhani ni mapenzi ya bibi na mjukuu. Mapenzi yalikuwepo, lakini hasa nilikuwa naogopa dhambi.

Nikaanza kupunguza maji. Nilishafikiri, kama mtoto anavyofikiri, kwamba nikinywa kidogo Bibi atapata zaidi, na nikinywa kidogo sitahitaji kwenda haja, na nisipokwenda haja sitatoka nje, na eda yangu itakuwa safi zaidi ya yake. Wivu wa wake wenza, hata huo niliufanya kwa ukweli. Siku moja mchana bati likalia mpaka likanyamaza, yaani limetanuka mpaka mwisho. Nikaona Bibi ana vichwa viwili. Nikataka kumwambia, ulimi ukawa mzito kama kitambaa. Nikaanguka.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni maji usoni na sauti ya Bibi, sauti niliyoisikia mara moja tu kabla ya hapo, siku ile ya Babu. Anapiga ukuta kwa viganja viwili, "Nisaidieni! Mtoto! Nisaidieni!" Mlinzi wa geti, Kaka Shabani, akaja mbio. Bibi akajifunika shuka, akamfungulia mlango. Shabani akainama kunibeba anipeleke kivulini. Na mimi, jamani, sina nguvu hata ya kuinua mkono, nikamng'ata. Nikamng'ata kwelikweli, kwenye mkono.

"Usinishike! Mimi niko eda!"

Shabani akasimama. "Nini?"

"Mimi ni mke mdogo. Sitoki. Mwanaume asiniguse."

Nyuma yake alikuwa amefika shangazi na ndoo ya maji kichwani. Kwanza shangazi akacheka, kicheko cha kushtukiza kilichomtoka kabla hajajua anachocheka. Halafu akatua ndoo, akakaa chini pale mlangoni na kujifunika uso kwa mtandio.

Bibi akapiga magoti mbele yangu. Lile shuka likamwanguka begani, na Shabani, Mungu ambariki, akageuka haraka kuelekea getini.

"Nani alikwambia una eda?"

"Shangazi. Siku ile ya mchele."

"Ndiyo maana hutoki kucheza?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo maana hunywi maji?"

Nikaitikia tena. Bibi akanitazama, akaitazama midomo yangu iliyopasuka, akayatazama masikio yangu yasiyo na hereni. Akanipakata kama mtoto mchanga, akaanza kulia. Alikuwa hajalia hivyo kwa Babu. Kwa Babu alilia kama mtu mzima, kwa kanuni. Sasa alilia mdomo wazi, "Nimemfunga mtoto wa watu. Ya Rabbi, nimemfunga mtoto." Nikamwambia asilie, mimi naweza, mume wetu atafurahi. Hilo ndilo likammaliza kabisa.

Alipotulia alimwita shangazi. Akasema bila kumtazama mtu, "Mwambieni yule Injinia aje na lori lake."

Injinia akaja. Bibi akazungumza naye kwa nyuma ya pazia, na mimi nimelazwa kando yake, nanyweshwa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

"Ulisema nyumba hii unaenda nayo popote."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Ibebe. Lakini sitoki mlangoni. Utaibeba na mimi nikiwa ndani."

Injinia akasema haiwezekani, ni hatari, sheria hairuhusu, akitokea mtu akaumia nani atajibu. Bibi akamwacha amalize. Kisha akasema, "Baba, mume wangu mlimtoa kwa kufungua ukuta. Mimi mtanitoa na ukuta wangu." Wakabishana mpaka magharibi. Mwisho wakakubaliana kwamba watalivuta boksi kwa minyororo polepole juu ya mbao mpaka kwenye semitrela iliyoinamishwa, lisinyanyuliwe hewani, na dereva ataendesha mwendo wa maiti. Dereva mwenyewe alikuwa kijana. "Mimi sijawahi kubeba mjane," alisema. "Sasa nikipiga breki?" Shangazi akamjibu, "Usipige."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, maduka mengi yamefungwa. Mama alitaka nipande naye mbele kwa dereva. Bibi naye akaniambia waziwazi, "Wewe huna eda. Ulikuwa utani. Mke wa Babu ni mimi peke yangu." Niliumia, nisiwafiche. Nilijihisi nimeachika. Lakini nikasema nitakaa naye hata hivyo, na kwa mara ya kwanza nilikaa mle ndani kwa kupenda mwenyewe.

Boksi likalia, likatikisika, likasogea. Sufuria zikateleza kutoka ukuta huu mpaka ule, saa ya Babu ikatoka chini ya kitanda ikapita mbele yetu ikarudi. Bibi akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, ameshika mguu wa kitanda na bega langu, anasoma. Tulipotoka getini dirisha likawa juu, juu kuliko nilivyowahi kuwa. Nikaziona nyaya za umeme, nikayaona matundu ya njiwa. Mama Nilesh alikuwa kwenye baraza lake, anapunga mkono kwa kitambaa na kikapu chake mkononi.

"Bibi, njoo uone!"

"Sitazami nje. Niambie wewe."

Nikamwambia. Kuna duka la mabegi. Kuna mtu amelala juu ya mkokoteni. Kuna msikiti wa kijani. Yeye kila ninachosema anakitaja kwa jina la aliyekuwa akikaa hapo zamani, kwa bi fulani, kwa fundi fulani, pale palikuwa na bomba. Mimi nilikuwa sioni hao watu, nilikuwa naona fremu na mageti yaliyoshushwa.

"Sasa kuna ghorofa refu," nikasema. "Lina vioo vya bluu."

Akakaza mkono wake begani kwangu. "Pembeni yake kuna kona yenye mwembe uliokatwa?"

"Kuna kisiki."

"Ni kwetu hapo. Limekwisha?"

"Limekwisha. Kuna mabango ya maduka mpaka juu."

"Kuna nguo zimeanikwa? Madirishani? Kuna watu wanakaa?"

Nikatazama vizuri, kila ghorofa, kwa sababu nilitaka sana kumpa nguo hata moja. "Hakuna, Bibi."

"Lina baraza?"

"Halina."

 Lori likapinda, kisiki kikapotea, na tulipofika barabara kubwa nilikuwa sina la kumwambia kwa sababu hayo ya huko hata yeye alikuwa hayajui.

Chanika wakaliteremsha boksi juu ya matofali, kwenye uwanja wa udongo mwekundu, mistari mirefu ya maboksi mengine. Mwajuma alikuwepo. Alininunia siku moja, ya pili akasahau. Nikawa nacheza nje na kurudi kumpelekea Bibi maji, na yeye akaendelea na eda yake ndani kama kawaida, mlango umerudishiwa, akihesabu kwa tasbihi.

Siku ilipofika wanawake walikuja kutoka kote, hata wa Kariakoo waliobaki walikodi gari. Wakamwogesha alfajiri, wakamvisha dera jipya la zambarau, wakamfukiza udi mpaka boksi zima likanukia, wakampaka wanja. Alikuwa mzuri. Nilikuwa sijui kwamba Bibi ni mzuri. Vigelegele vikapigwa, shangazi akafungua mlango wazi kabisa, akamshika mkono, "Haya mama, toka, kwa heri na baraka."

Bibi akasimama mlangoni. Akateremsha mguu mmoja kwenye ule udongo. Akatazama kulia, maboksi. Akatazama kushoto, maboksi, na nyuma yake vichaka na mlingoti wa simu. Wanawake walikuwa bado wanapiga vigelegele. Akautazama mguu wake kwenye udongo ule, akaupangusa taratibu kwa mguu mwingine, akaurudisha ndani. Vigelegele vikafifia kimoja kimoja.

Nikamfuata. Alikuwa amekaa kitandani, anavua bangili walizomvisha, anaziweka juu ya mto.

"Bibi, si umemaliza? Twende nje."

"Eda ya babu yako nimeimaliza," akasema. "Hii ya Kariakoo hakuna aliyeniambia inaisha lini."

Nikapanda kitandani nikae naye. Akanishusha. Akanifunga vizuri vifungo vya gauni langu, akanisukuma mgongoni kuelekea mlangoni, mkono wake una nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Nenda kacheze. Hii si yako."

Nje Mwajuma na wenzake walikuwa wameshachora duara la rede. Nikakimbia, nikaingia katikati.